Vijana na Safari ya Korongo la Mvuke

Wazazi wawili wa hapa Lisekese wametuuliza: watoto wao walio masomoni Nairobi wanataka kwenda na wenzao kutembea Hell's Gate, karibu na Naivasha. Je, wawape idhini, au safari ya namna hiyo ni upuuzi?

Twajibu kwamba kusafiri katika ardhi na kuyatazama aliyoyaumba Mwenyezi Mungu ni jambo tuliloamrishwa, na huko yapo ya kutazamwa. Pahali hapo, katika nyanda za juu za Bonde la Ufa, pamekuwa hifadhi tangu mwaka 1984. Ardhi yatoa mvuke, na kuta za korongo zachuruzika maji ya moto. Kwa mvuke huohuo mtambo wa umeme wa Olkaria ulianza kazi mwaka 1981. Watu huruhusiwa kuingia kwa miguu au kwa baiskeli. Na hilo la baiskeli, twajua, ndilo lililowavuta vijana.

Lakini mzazi asitoe idhini kabla ya kuuliza habari za korongo. Sisi wa Masasi twayajua makorongo: mvua hunyesha mbali, nawe uliye chini, juu yako jua kali, hushtukia kishindo cha maji. Korongo la huko ni jembamba mno, na mahali pengine kuta zake ni ndefu wala hapana pa kukimbilia. Mwezi wa Aprili 2012 maji ya ghafula yaliukuta msafara wa vijana wa kanisa, wakafa watu 7. Septemba 2019 maafa kama hayo yakarudi palepale, yakaua watalii. Mama zao walilia kama watakavyolia wa kwetu.

Basi kijana aulizwe: Mwaenda mwezi gani? Anayewaongoza ni mwenyeji? Akisema rudini, mtarudi, ijapokuwa mmekwisha lipa? Asiyekuwa na jibu na angoje kiangazi. Wala hatumkubalii asemaye kuwa ajali haina kinga, naye hakumfunga ngamia wake.

Mzazi mmoja ameuliza pia habari ya udhu. Maji yaliyogeuka rangi au harufu kwa sababu ya ardhi yanamopita hubaki tohara, hata yakinuka kiberiti. Yaliyo moto wa kuunguza yatekwe, yaachwe yapoe kwanza.