Zima Moshi, Usizamishe Meli

Wasee, leo naongea kuhusu meli. Najua, mimi ni mtoto wa Litein, na maji mengi zaidi tunayoona huku ni mvua ya saa tisa. Lakini nivumilieni. Hii stori inaishia kwa kiwanda cha majani chai.

Juzi binamu yangu alinitumia video ya meli moja ya Marekani inaitwa SS Badger. Inavusha magari na watu kwenye Ziwa Michigan, kutoka Ludington hadi Manitowoc. Ilianza kazi 1953 na hadi leo inatumia makaa ya mawe. Moshi mweusi, honi nzito, wazee wamesimama gatini wakipunga mikono. Binamu aliandika tu: "Hii kitu ipigwe marufuku." Mimi nikamjibu: "Wewe hujui historia." Tukabishana hadi bando ikaisha.

Nilipotulia nikasoma, nikaona sote wawili tulikuwa tumekosea.

Binamu alikuwa na pointi. Kwa miaka mingi Badger ilichanganya majivu ya makaa na maji, ikayamwaga ziwani. Tunaongea zaidi ya tani 500 kwa msimu mmoja tu. Ziwa ambalo watu wanakunywa maji yake! Hapo hakuna cha "ni urithi wetu". Urithi sio leseni ya kuchafua.

Lakini hawakuiua. Mwaka 2013 mamlaka ya mazingira ya Marekani na wenye meli walifanya makubaliano kupitia mahakama: mna muda, tafuteni njia, halafu hakuna jivu lingine ndani ya ziwa. Ilipofika msimu wa 2015, majivu yalikuwa yanabaki melini na kushushwa nchi kavu. Bado inachoma makaa, kwa hivyo kazi haijaisha. Lakini ziwa lilipumua, na mabaharia hawakurudi nyumbani mikono mitupu.

Sasa njoo hapa karibu, Ziwa Tanganyika. Kuna meli inaitwa Liemba. Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, wakaivunja vipande, wakaipakia kwa masanduku kama 5,000 na kuileta hadi Kigoma. Ikashushwa majini 1915 ikiitwa Graf von Goetzen. Mwaka uliofuata, vita vikiwaelemea, waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Ila mafundi wake walipaka mashine grisi nzito kwanza, ni kama walijua itarudi. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi tena na jina jipya.

Ilikuwa meli ya mvuke, sawa na Badger. Miaka ya 1970 wakatoa mashine za mvuke, wakaweka za dizeli. Hapo ndipo nataka usimame kidogo. Je, ilikoma kuwa Liemba?

Uliza watu wa ziwa lile. Mwaka 1997 ilirudisha kwao zaidi ya wakimbizi 75,000 wa Kongo. Mwaka 2015, Warundi walipokwama Kagunga bila barabara ya kutokea, ilikwenda na kurudi ikiwabeba mamia kwa safari hadi Kigoma. Hakuna mama pale aliyeuliza kama injini ni ile ya 1913. Aliuliza kama kuna nafasi ya watoto.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: urithi wa chombo ni kazi yake na watu wake. Moshi si urithi. Ndiyo, najua kuna wapenzi wa mvuke watakaosema ukitoa moto umetoa roho. Nawaelewa, sauti ya mvuke ni tamu. Lakini ukilazimika kuchagua, okoa huduma kwanza.

Sasa turudi nyumbani. Mzee wangu amefanya kazi kwa boila ya kiwanda kimoja huku kwa miaka 19. Ukinywa chai yako, jua majani yale yalinyaushwa, yakakatwa, yakachachuka, kisha yakakaushwa kwa hewa moto, na joto hilo viwanda vyetu vingi vinalitoa kwa mvuke wa kuni. Malori na malori ya mikaratusi. Serikali ilipopiga marufuku kukata miti kwenye misitu ya umma mwaka 2018, nakumbuka mzee akirudi jioni akisema kuni sasa ni shida. Tulicheka. Hatukujua anaongea kuhusu karo yetu.

Siku moja boila za kuni zitaondoka Kericho na Bomet, na mimi sitalia. Nataka Mau ibaki na miti na mito yetu ibaki na maji, juu bila hiyo hata chai hakuna. Ninachoogopa ni ile siku mashine mpya inafika na watu wanaambiwa tu "asanteni, kwaherini". Mzee anajua kwa kusikiliza tu kama presha imeshuka. Huo ujuzi hauwezi kuuzwa kama vyuma chakavu.

Wape watu tarehe, kama walivyopewa wale wa Badger. Wafundishe mashine mpya kabla ya ile ya zamani kuzimwa. Na boila moja ya zamani ibaki, iliyopoa, imepakwa rangi, watoto wa shule waje waone moto uliowasomesha wazazi wao.

Na hii si kelele tu ya mtandaoni. Viwanda vingi vya wakulima wadogo huku ni vya wakulima wenyewe, wana hisa. Kama nyanya yako anapeleka majani, ana sauti kwenye mkutano wa mwaka. Mwambie asiulize bonasi peke yake. Aulize pia: tukibadilisha moto, wanaouwasha mtawapeleka wapi?

Mimi kesho naingia na simu yangu kurekodi mzee akitia kuni. Ameniambia nivae buti na nisimsumbue na maswali mengi. Nitamsumbua.