Mgeni na Jiko Lake



Ukurasa huu wa safari hupokea maswali ya kila namna, lakini mwaka huu swali moja limerudi kuliko yote. Wanaokuja Dubai kwa arusi, kwa matibabu au kwa mapumziko ya watoto wanauliza: tufikie wapi? Na wakishauliza hivyo, huongeza kwa sauti ya chini: "Tukikodi fleti, shangazi hatakasirika?"

Nitayajibu yote mawili pamoja, kwani kwa maoni yangu ni swali moja. Jamaa wakizidi wanne na siku zikizidi tatu, kodini fleti ya kujipikia, iwe karibu na nyumba ya jamaa, na wakati wa kuichagua jiulizeni kila mzigo utabebwa na nani. Mkifanya hivyo undugu wenu utakuwa salama zaidi kuliko mkibanana.

Wazee wetu walituachia methali mbili zinazovutana. Moja yasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyingine yasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huko kwetu nyumba ilikuwa na ua, jiko la nje, baraza la kulala vijana, na majirani wa kuazimana masufuria. Hapa Deira jamaa zetu wengi wanakaa fleti ya vyumba viwili ghorofani, yenye jiko ambalo watu wawili hawapishani. Moyo wa ukarimu ni uleule. Nafasi ndiyo iliyopungua.

Nina shangazi anayekaa Hor Al Anz, mwendo mfupi kutoka Al Baraha. Msimu mmoja wa arusi alipokea watu 14 kwa siku 9. Watoto walilala sebuleni kwa safu, wanaume chumba kimoja, wanawake chumba cha pili, naye akatandika godoro lake jikoni kila alipomaliza kuosha vyombo vya mwisho. Alfajiri alikuwa wa kwanza kuamka, maana bila yeye kuondoka pale hapakuwa na pa kuchemshia chai. Wageni walirudi makwao wakisema hawajapata kuona ukarimu kama ule, na walisema kweli. Yeye alilala siku mbili, miguu imemvimba, na hakumwambia mtu. Nilijua kwa sababu nilipita kumrudishia sinia.

Hakulalamika, na ndiyo maana mambo yale hurudiwa kila mwaka. Mwenyeji wetu hasemi kuwa amechoka. Mgeni mwenye macho ndiye apasaye kuliona hilo kabla hajakata tikiti.

Sasa, kwa nini naitaja Al Baraha? Ni mtaa wa Deira, jirani na Naif na Al Muteena, na jamaa wengi wanaukuta kuwa unafaa kwa sababu za kawaida kabisa. Hapa ipo Hospitali ya Dubai, iliyofunguliwa mwaka 1983, na ile kongwe zaidi iliyojengwa na Kuwait katika miaka ya 1960, ambayo wengine huiita ya Kuwait na wengine ya Baraha. Anayemuuguza mgonjwa hulala karibu, akapika uji au mchuzi mwepesi, akaupeleka ungali moto. Hoteli ya nyota tano haitakupikia uji wa mtama saa kumi na moja alfajiri.

Masoko pia si mbali. Soko la Naif, lililoungua mwaka 2008 na kufunguliwa upya mwaka 2010, lipo hapo jirani kwa wanaotaka mabuibui, vitambaa na nguo za watoto. Soko jipya la samaki, Waterfront Market, lililofunguliwa mwaka 2017 badala ya lile la zamani la Deira, ni safari fupi ya teksi. Utapata nguru, changu, kamba, nyama na mboga chini ya paa moja, na wapo watu wa kukuparia samaki kwa ujira mdogo. Kwa mizunguko ya mjini kuna metro ya Mstari wa Kijani, iliyoanza Septemba 2011. Stesheni za Salah Al Din na Abu Baker Al Siddique ziko upande huu wa Deira. Lakini pimeni umbali kwa miguu ya bibi, msiupime kwa miguu ya kijana. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 40, na mwendo wa dakika kumi mchana ni adhabu.

Tuje kwenye kuchagua kwenyewe.

Kwanza, jueni mnakodi kitu gani. Ziko fleti za hoteli: jengo zima lina mapokezi, wasafishaji na mtu wa kumwita bomba likivuja. Ziko nyumba za mapumziko: fleti ya mtu binafsi inayokodishwa kwa siku au wiki. Hizi zimewekewa utaratibu kwa Amri Namba 41 ya mwaka 2013, na mwenye kukodisha lazima awe na kibali cha Idara ya Uchumi na Utalii ya Dubai. Ombeni namba ya kibali kabla ya kulipa. Anayekasirika kwa kuulizwa amekwisha kuwajibu.

Kitu cha tatu ni cha kukimbiwa. Ni vyumba vilivyogawanywa kwa mbao au pazia, vinavyokodishwa kwa kitanda. Bei huvutia, hasa kwa kijana anayekuja kutafuta bidhaa. Juni 2025 Manispaa ya Dubai ilitangaza msako wa vyumba vya namna hiyo, ikaitaja mitaa kadhaa ikiwemo Al Rigga na Al Muraqqabat, iliyo hapa hapa Deira. Sababu kubwa iliyotolewa ni hatari ya moto. Usimlaze mwanao mahali ambapo mlango wa kutokea umezibwa na kitanda cha mtu mwingine.

Pili, semeni idadi ya kweli. Mapokezi wataomba pasipoti za wageni, na fleti iliyokodiwa kwa watu wanne haigeuki ya watu tisa kwa sababu wametandika mikeka. Kama mko tisa, chukueni fleti mbili ndogo katika ghorofa moja. Wazee wapate moja iliyo kimya, vijana wapate nyingine, na jiko moja litumike kwa wote. Ulizeni pia kama lifti zinafanya kazi, ni ngapi, na kama bafu lina beseni refu la kuruka. Bibi mwenye magoti mabovu hawezi kuliruka beseni hilo, na hatasema mpaka ateleze.

Tatu, ulizeni juu ya jiko kwa undani. Neno "jiko" katika tangazo laweza kuwa na maana ya birika na friji ndogo. Ombeni picha ya jiko na ya ndani ya makabati. Sufuria kubwa kuliko zote ina ukubwa gani? Majiko mengi ya fleti hizi ni ya umeme na juu yake ni bapa, hivyo sufuria yenye kitako cha mviringo haishiki moto. Wali utakuwa mbichi juu na kuungua chini. Visu vya fleti ni butu kila mahali duniani, basi njooni na kimoja kizuri, ndani ya mzigo unaokwenda chini ya ndege. Plagi za hapa ni za miguu mitatu kama za Mombasa na Unguja, na mashine yako ya kusagia itafanya kazi. Wanaotoka Kanada waache vyombo vyao vya umeme nyumbani, maana vile ni vya volti 120 na hapa umeme ni karibu mara mbili ya huo.

La udi nalisema peke yake. Dari za fleti hizi zina king'ora cha moshi. Chetezo kikifuka sebuleni, king'ora hulia na jengo zima likashuka ngazi. Ulizeni mapokezi kabla ya kuwasha. Mkaa usiwashwe kabisa, ndani wala kwenye roshani.

Nne, hesabuni fedha mpaka mwisho. Bei ya usiku mmoja ni mwanzo tu. Tangu mwaka 2014 kuna tozo iitwayo Dirham ya Utalii, ambayo katika fleti huhesabiwa kwa kila chumba cha kulala kwa kila usiku, kulingana na daraja la mahali. Tangu Januari 2018 kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5. Ipo na ada ya manispaa, na pengine ya huduma. Tuseme fleti ya vyumba viwili ni dirham 400 kwa usiku na tozo ni dirham 10. Siku 10 ni dirham 4,000. Kodi ya asilimia 5 ni 200. Tozo ya vyumba viwili ni 200 nyingine. Mmekwisha fika 4,400 kabla ya ada zilizobaki. Kwa hiyo ulizeni neno moja tu: "Yote ndani?" Na jibu liwe kwa maandishi.

Mwenye nyumba huenda akataka amana. Siku ya kuingia pigeni picha za kuta, magodoro, vyombo na doa lolote mnalolikuta, mkamtumie siku hiyo hiyo. Dirham imefungwa na dola ya Marekani kwa 3.6725 tangu mwaka 1997, hivyo anayebadilisha dola anaweza kujua mapema atapata ngapi; mwenye shilingi aangalie shilingi yake inavyokwenda na dola.

Na tano, nani atapika? Hapa ndipo mapumziko mengi yanapoharibika. Baba hupiga hesabu, akafurahi kuwa amekwepa gharama ya mkahawa mara tatu kwa siku. Gharama haikutoweka. Imehamia kwa mama, ambaye amesafiri saa tano angani ili aje kusimama mbele ya jiko lisilo lake, na visu butu, akipikia watu walewale. Nimeona wifi yangu akirudi Mombasa bila kuiona bahari ya hapa hata mara moja, ilhali wote walikuwa wakisema "tumepumzika, alhamdulillah."

Kabla ya kulipa, chukueni karatasi, mwandike siku zote na majina ya wapishi na waosha vyombo. Kama hakuna jina la mwanamume hata moja, rudieni. Kifungua kinywa ni kazi ya vijana: chai, mayai na mkate wa dukani si elimu kubwa. Chakula cha mchana kinunuliwe. Deira imejaa mikahawa ya Wahindi, Wapakistani na Waarabu yenye bei za watu wa kawaida. Jiko libaki kwa mambo matatu: chakula cha mgonjwa na mzee, maziwa ya mtoto usiku, na mlo mmoja mkubwa wa kuwaita jamaa.

Mlo huo ndio dawa ya swali la shangazi. Mpigieni simu mapema, kabla hajasikia kwa watu, tena apige mkubwa wenu wa umri, asitumwe mtoto. Semeni: "Shangazi, tunakuja, na tumechukua fleti karibu nawe ili tukuone kila siku wala tusikuchoshe." Usiku wa kwanza kuleni kwake, maana hiyo ni haki yake na msimnyime. Siku zinazofuata mwiteni kwenu. Akifika, mkalisheni penye kiti kizuri, na mtu mwingine amimine kahawa.

Mwaka uliofuata ile arusi, watoto wa kaka yangu waliokuja kutoka Maskati walifanya hivyo. Shangazi alinuna kwa siku moja. Siku ya pili alikwenda fletini na kopo la halua, akaketi, akaletewa sahani. Aliingia jikoni mara mbili na mara mbili alirudishwa. Mwishowe alikaa akasimulia habari za Unguja ya utotoni, za kisima na za skuli, ambazo sisi wenyewe wa hapa hatukuwa tumezisikia, kwa kuwa kila tulipokwenda kwake alikuwa amesimama.

Mwenye kupenda kuja, miezi ya baridi kuanzia Novemba hadi Machi ina hewa nzuri na bei kali; kiangazi bei hushuka na jua hupanda. Siku za mapumziko hapa tangu Januari 2022 ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ni nusu siku, hivyo pangeni mlo wenu wa jamaa siku hizo.

Mungu awafikishe salama. Tukijaaliwa, tutaonana tena mwakani katika ukurasa huu.