Hiyo Tramu Mnayoililia Ilisukumwa na Watu

Kila baada ya miezi kadhaa ile picha hurudi. Safari hii aliyeileta ni binamu yangu, kwenye kundi la WhatsApp la familia, saa nne usiku, wakati ambao kila mtu ana simu mkononi na hana kazi. Kijigari kidogo kwenye reli nyembamba, Mombasa, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mzungu mwenye kofia pana ameketi, kitambaa cha kumkinga jua kimetandazwa juu yake. Chini ya picha binamu ameandika: "Wasee, kumbe tulikuwa na tram! Mombasa! Nani alituroga?" Zikafuata emoji za kulia, kumi na kitu. Mjomba akasema serikali ndiyo huua kila kitu kizuri. Shangazi akaweka mikono ya dua.

Mimi nikaikuza picha kwa vidole viwili. Nyuma ya kijigari kuna wanaume wawili waliovaa nguo nyeupe. Mikono yao imeshika gari, miguu yao iko mbioni. Hakuna injini, hakuna waya wa umeme, hakuna farasi. Injini ni wao.

Nikaandika: "Tulikuwa na tram, au tulikuwa tram?"

Kundi likanyamaza. Mwishowe mjomba akajibu, "Wewe na siasa zako," mjadala ukafa. Kwa hivyo nauleta huku.

Hadithi yenyewe ni hii. Mwaka 1890 kampuni ya Imperial British East Africa ilianza kutandika reli kutoka Mombasa kuelekea bara. Reli yenyewe ilikuwa nyembamba, upana wa futi 2 tu, lakini mradi ukaitwa Central African Railway, jina la kufika katikati ya bara zima. Ilifika kilomita kama 11. Kampuni haikuwa na pesa za kuendelea. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikaichukua nchi mikononi mwa kampuni, na mwaka uliofuata ikaanza reli nyingine kabisa, pana zaidi, ile tunayoijua sote: Nairobi 1899, Kisumu 1901. Vyuma vya ule mradi wa kwanza vikapata kazi kisiwani. Vikawa njia ya vijigari, viti viwili vilivyopeana mgongo, kutoka upande wa Mji wa Kale na ngome hadi Kilindini kwenye meli.

Wageni walioandika vitabu waliviita ghari. Ni neno lilelile letu, gari, na wao na sisi tulilitoa kwa Wahindi. Napenda kulikumbuka hili nikiwa ndani ya matatu: kabla neno hilo halijamaanisha chombo chenye injini, mjini Mombasa lilimaanisha pia kitu unachosukumiwa na mtu mwingine.

Sasa, kitu ambacho picha haikuonyeshi. Reli ile ilikuwa na matawi. Kutoka barabara kuu ilichepuka kwenda kwenye ofisi za serikali, na ikachepuka tena hadi kwenye nyumba za wakubwa. Yaani bwana anatoka kibarazani, anaketi, anasukumwa mpaka ofisini, jioni anarudishwa. Hii si ruti. Ruti tunaijua. Ruti ni 58 ya Buruburu, ni 125 ya Rongai: watu wasiojuana wanasimama mahali pamoja, wanapanda, wanalipa, wanashuka. Ruti haikuulizi baba yako ni nani. Ile ya Mombasa ilikujua kwa jina na ilijua mlango wako. Tukiiita usafiri wa umma tunawatukana waliokuwa umma wakati ule, kwa sababu umma ulikuwa nyuma, unasukuma. Na jioni umma huo ulirudi nyumbani kwa miguu.

Nimeshaambiwa mara nyingi kwamba nahukumu watu wa kale kwa macho ya leo. Sawa, basi tutumie macho ya wakati ule ule. Mwaka 1894 manispaa ya Glasgow, kule Scotland, ilichukua tramu za mji na kuanza kuziendesha yenyewe. Nauli ya kituo kifupi ilikuwa nusu peni, ili hata mfanyakazi wa kiwandani apande. Mwaka 1898 wakaanza kuzitia umeme. Ni dola ileile, bendera ileile, miaka ileile ambayo Mombasa mtu alikuwa anakimbia nyuma ya kiti cha mtu mwingine. Na msiniambie mambo hayo yalikuwa ya Ulaya peke yake. Calcutta ilikuwa koloni kama sisi, na ilipata tramu ya umeme mwaka 1902. Walijua kutengeneza. Walichoangalia ni nani atapanda na atalipa nini. Kwa hesabu yao, Mombasa haikuwa na abiria. Ilikuwa na wakubwa wachache na misuli ya bei rahisi.

Kuna jamaa mmoja, msomi kweli, aliwahi kunijibu kwamba farasi walikuwa wanakufa kwa magonjwa huku kwetu, ndiyo maana ikabidi watu wasukume. Nikamuuliza, na punda je? Lamu mpaka leo inaenda kwa punda. Akacheka, akasema punda ni mkaidi. Hapo naye alisema kweli bila kukusudia. Punda hukataa.

Na angalieni sheria. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria hapa pwani mwaka 1907. Vijigari vilikuwa vinapita mjini zaidi ya miaka kumi kabla ya hapo. Sisemi kila aliyesukuma alikuwa mtumwa. Nasema mji ambao mtu anaweza kumilikiwa na mtu hauoni ajabu kumfunga mtu kazi ya injini. Kwa hivyo mkiniletea hiyo picha na maneno "Mombasa ilikuwa smart sana zamani", nitakuza tena kwa vidole viwili. Kadi nilizoziona zimeandikwa jina la mji, wakati mwingine jina la barabara. Jina la msukumaji hata moja sijaliona.

Tena tazameni ilivyokufa. Motokaa zilipoingia, waliokuwa wakipanda vijigari walihamia kwenye motokaa, na kufikia miaka ya 1920 mambo ya reli yakawa yamekwisha. Hakuna aliyelia, maana hakuna abiria aliyeachwa steji. Glasgow walipofunga tramu yao mwaka 1962, watu wanaokadiriwa kuwa 250,000 walijaa barabarani kuiaga. Watu hawaendi kuaga kitu ambacho hakikuwa chao.

Kwani ni kitu gani basi kinachonikera hivi, picha ya miaka mia? Kinachonikera ni kwamba ile reli haijang'olewa. Vyuma vimeondoka, lakini akili iliyoichora bado ina ofisi, ina gari la serikali na dereva.

Mwaka 2022 Nairobi tulifunguliwa Expressway, kilomita 27, Mlolongo hadi Westlands. Imepita juu ya vichwa vyetu kwa nguzo. Bodaboda hairuhusiwi, tuktuk hairuhusiwi, mtembea kwa miguu asifikirie. Ukilipa unapita. Chini yake, Mombasa Road, watu wanavuka kwenye vumbi na matope, wengi wao wakielekea viwandani kwa miguu kwa sababu nauli ya asubuhi ingekula chakula cha jioni. Mimi naiona ile barabara na naona tawi la reli linalochepuka hadi kibarazani. Tofauti ni kwamba wasukumaji wa leo hatuonekani kwenye picha. Tunasukuma kwa kodi, kwa miaka, na kwa mapafu yetu pale chini kwenye moshi.

Mtu atasema, lakini matatu pia zinaweza kupita juu. Zinaweza, zikilipa. Na zikilipa, tunalipa.

Halafu kuna BRT. Hapa nashindwa kucheka na nashindwa kulia. Tulipakwa mstari mwekundu Thika Road, tukaambiwa mabasi ya kasi yanakuja. Laini tano zikapewa majina: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati. Wanyama watano wa watalii! Mtu wa Dandora anaamka saa kumi alfajiri kwenda kazini, na mpango wake wa usafiri umebatizwa kama matangazo ya safari za Maasai Mara. Mstari mwekundu ulififia kwa jua, matatu zikaukanyaga, tukausahau. Dar es Salaam mabasi yao yalianza mwaka 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni. Yana matatizo, mtu yeyote aliyesimama pale Kimara asubuhi atakueleza, watu hubanana mpaka wengine huingilia dirishani. Lakini ukiuliza basi liko wapi, unaonyeshwa basi.

Nimesema mengi juu ya Nairobi na mimi ni mtoto wa Mombasa, wacha nirudi nyumbani.

Mwaka 2017 ilipofunguliwa reli mpya, stesheni ya Mombasa ikawekwa Miritini, nje ya kisiwa. Umetoka Nairobi kwa masaa kama matano, umefika "Mombasa", halafu ndiyo unaanza safari ya kwenda Mombasa. Stesheni ya zamani ilikuwa kisiwani, unashuka na kutembea hadi sokoni. Nyanya yangu aliposhuka Miritini mara ya kwanza aliangalia huku na huku akaniuliza, "Mwanangu, huyu dereva ametuteremsha wapi?" Nikamwambia tumefika. Akasema, "Tumefika kwa nani?"

Swali zuri hilo. Sijapata kulisikia likiulizwa na mtu mwenye ramani.

Na bado Mombasa hiyohiyo ina kitu ambacho kingekuwa darasa kwa hao wenye ramani. Feri ya Likoni. Mwenye gari analipa, mtembea kwa miguu anavuka bure. Najua madhila yake, nimekaangwa na jua kwenye ile foleni ya kibandani, nimesongwa mpaka kiatu kikabaki nyuma, na kuna mambo yametokea majini pale ambayo familia hazitayasahau. Silipambi dude lile. Lakini wazo lililo ndani yake ni sahihi, na ni la pekee nchini: kwamba anayetembea ndiye mwenye haki ya kwanza ya kuvuka, na mwenye gari ndiye anayechangia. Hesabu hiyo ikichukuliwa ikapelekwa Nyali Bridge, ambako watu wa Kisauni na Mishomoroni wanaingia kisiwani kwa miguu alfajiri, ingetupa mji mwingine. Hilo huwa halisemwi na mtu. Kinachosemwa, kila msimu wa kampeni, ni kwamba Mombasa itapata usafiri wa kisasa wa reli ndani ya mji, na picha ya kompyuta inatoka, treni nyeupe imetulia kama jokofu, mitende pembeni, na watu wawili wa kuchora wamebeba mikoba.

Mwaka juzi nilienda kwenye mkutano mmoja wa kushirikisha umma kuhusu barabara. Katiba inataka tushirikishwe, nami nikajishirikisha. Ulifanyika hotelini, siku ya kazi, saa nne asubuhi, mahali ambapo matatu haifiki. Bodaboda ilinila shilingi mia mbili kwenda na kurudi. Ndani tulikuwa labda watu arobaini, na nje kwenye maegesho nilihesabu magari zaidi ya ishirini. Tulipewa chupa za maji na skrini ikawashwa. Laini za rangi zikatokea, nyekundu, buluu, kijani, zikipita kwenye mitaa ninayoijua. Niliinua mkono. Nikauliza, mama wa Mishomoroni anayefanya kibarua Changamwe, anayetoka nyumbani saa kumi na moja asubuhi, anapandia wapi kwenye ramani hii, na analipa pesa ngapi? Mtoa mada akatabasamu, akasema hayo ni mambo ya kina, yatashughulikiwa baadaye.

Ndiyo nasema, mambo ya kina ndiyo reli yenyewe. Vijigari vya Mombasa vilianza na mambo ya kina: kibaraza cha nani, ofisi gani, saa ngapi. Vilipangwa vizuri sana kwa ajili ya watu waliolengwa. Kwa hivyo binamu, na nyote mnaosambaza ile picha, acheni kuomba tulichokuwa nacho kirudi. Wakija tena na skrini, mwende. Ombeni ruhusa kazini, changeni nauli kama tunavyochanga harusi, mjae kwenye vile viti vya hoteli. Mkifika waulizeni mama wa Mishomoroni anapandia wapi, na msikubali chupa ya maji kabla hajajibiwa.