Tupeni Taa Mbovu, Cheti Baadaye

Hapa Kakuma, tangu kambi ifunguliwe 1992, hatujakosa semina. Tulichokosa ni bisibisi.

Kozi ya elektroniki ya siku tano tunaijua. Mwalimu anachora saketi ubaoni, vijana wananakili, Ijumaa wanapigwa picha na vyeti. Halafu mwambie mwenye cheti apime betri kwa multimita: anashika zile nyaya kama anashika nyoka. Si mjinga. Hakuna aliyempa mita aishike.

Sasa nenda sokoni, mwangalie fundi simu kibandani. Cheti hana. Alianza kwa kufungua redio zilizokufa, akakaa kando ya fundi mkubwa, akaungua vidole kwa risasi ya moto mpaka mkono ukazoea. Ndiye huyo mnayempelekea simu zenu, hata ninyi ndugu zetu wa mashirika.

Mtasema vitendo bila nadharia ni kubahatisha. Sawa, sikatai. Volti ni ampea mara omu, na asiyejua hilo atachoma vitu vya watu. Lakini hesabu hiyo inaingia kichwani siku umeshika betri ya volti 3.7, mita inasoma 2, na taa haiwaki. Hapo swali ni lako, si la ubao.

Na vifaa vya kujifunzia si tunavyo? Taa za sola tulizogawiwa zimelala chini ya vitanda na kwenye mashimo ya taka. LED yenyewe hudumu miaka. Mara nyingi kinachochoka mapema ni betri, au swichi, au waya umekatika. Tunatupa taa nzima, kisha tunasubiri mgao mwingine gizani na mtoto hasomi.

Kuna hatari, ndiyo. Betri ya lithiamu ukiitoboa au ukigusanisha ncha zake inaweza kuwaka moto. Ndiyo maana tunataka fundi mzoefu awe mezani, badala ya kijana kujifunza peke yake na kisu cha jikoni.

Basi kozi ijayo punguzeni fulana na soda. Nunueni mita, bisibisi na vichomeo vya risasi. Mlipeni fundi wa sokoni afundishe. Na ninyi vijana wenzangu, msije na daftari tu: kila mmoja aje na taa mbovu ya kwao. Mtihani uwe mmoja, taa iwake. Ikiwaka, hapo mpeni cheti chake.