Sikukuu ya Mtoto Mwenye Nyumba Mbili



Shule zinapofungwa mwezi wa Desemba, vituo vya mabasi hujaa watoto. Wengine wanakwenda kwa bibi na babu. Wengine wanatoka kwa mama kwenda kwa baba, kwa sababu wazazi wao waliachana. Mtoto wa namna hii ana nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ina mama, na pengine baba wa kambo. Nyumba ya pili ina baba, na pengine mama wa kambo. Leo tuzungumze juu ya mtoto huyo.

Labda utauliza: Hii ni habari ya ndoa, inaingiaje katika ukurasa wa afya? Inaingia kabisa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitufundisha kuchimba vyoo, kufyeka majani na kuondoa maji yaliyotuama. Ilikuwa kazi njema, na wazee wetu wanaikumbuka mpaka leo. Lakini afya ya mtoto haitokani na choo peke yake. Inatokana pia na maneno anayoyasikia usiku, wakati watu wazima wanadhani amelala.

Tutoe mfano. Mtoto ana miaka 8, naye anaishi na mama yake. Tarehe 22 Desemba asubuhi ana homa. Mama anampeleka zahanati. Anapimwa damu, anaonekana ana malaria, anapewa dawa ya mseto. Dawa hii humezwa mara 2 kwa siku, kwa siku 3. Jumla ni mara 6. Kesho yake mtoto amepata nafuu, amekwisha kumeza mara 3. Mchana huo baba anatuma kijana wa pikipiki amchukue mtoto, maana sikukuu ni zamu yake. Mama na baba hawasemezani. Basi mama anaifunga dawa iliyobaki katika karatasi, anaitia kwenye mfuko wa nguo. Anamwambia mtoto, "Ukifika, mwambie baba yako."

Mtoto anafika. Anakuta watoto wenzake wanacheza. Anakuta wali na nyama. Anasahau. Mama wa kambo hajui kama mtoto alikuwa mgonjwa, wala haioni ile karatasi. Siku chache baadaye homa inarudi kwa nguvu. Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Baba anasema, "Ameniletea mtoto mgonjwa." Mama anasema, "Nilimpeleka mzima wakamharibu." Na mama wa kambo ndiye anayelaumiwa kuliko wote. Wapo watakaosema amemroga.

Nani mwenye kosa? Mimi naona kosa ni la wale waliomfanya mtoto wa miaka 8 kuwa tarishi wao. Mtoto hawezi kubeba habari za dawa. Hawezi kubeba habari za ada. Hawezi kubeba matusi ya kupeleka huku na kuyarudisha kule.

Kwa hiyo nasema hivi. Wazazi walioachana wakutane uso kwa uso siku ya kumkabidhi mtoto. Waje na wenzi wao wapya. Na kama inawezekana, wale pamoja mlo mmoja wa sikukuu, mtoto akiwaona. Sisemi warudiane. Sisemi wapendane. Mlo mmoja tu, mchana, bila pombe.

Najua wengi watakataa. Watasema ni aibu. Watasema mke mpya atapata wivu, au mume mpya atadharauliwa. Nawauliza: usiku wa manane mtoto akitapika, nani ataamka? Mara nyingi si baba. Ni yule mke mpya. Ndiye atakayempikia uji, ndiye atakayemfulia shuka, ndiye atakayembeba mpaka zahanati. Sasa inakuwaje mtu huyu ndiye asiyeambiwa neno? Watu wawili wanaopaswa kuzungumza kuliko wote ni mama na mama wa kambo. Na hao ndio tunaowatenga. (Wapo wanaume wasiopenda wanawake hawa wakutane. Wanaogopa watalinganisha habari! Hiyo ni shauri yao, mtoto asiumie kwa ajili hiyo.)

Mama amwambie mwenzake mambo ya mtoto bila kuficha. Ameugua nini karibuni. Anameza dawa gani, na imebaki mara ngapi. Chakula gani kinamdhuru. Kama ni mtoto mchanga, kadi ya kliniki iende naye, maana chanjo ya surua hutolewa akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Siku hizo zikimkuta kwa baba, achanjwe huko huko. Chandarua nacho kiulizwe: je, huko anakokwenda atalala ndani ya chandarua? Na atalala chumba kimoja na nani? Swali hili la mwisho watu huona haya kuliuliza. Liulizwe.

Mtoto mwenye selimundu ndiye anayenitia hofu zaidi. Mtoto huyu hutakiwa kumeza dawa zake kila siku hata kama haumwi. Anywe maji mengi. Asipigwe na baridi. Akipata homa apelekwe hospitali upesi, asingojee kesho. Mama yake anayajua hayo kwa miaka mingi. Mama wa kambo asiyeambiwa atamwacha aende ziwani na wenzake alfajiri, akaoge maji ya baridi. Jioni mtoto analia mifupa. Mama wa kambo hakuwa na nia mbaya.

Mkutane wapi? Nyumbani kwa bibi ni pazuri, kwa sababu wengi humheshimu bibi. Au kwa mjumbe, au kwa jirani ambaye pande zote zinamwamini. Kama kwenu wanaume hula peke yao na wanawake hula jikoni, kuleni hivyo hivyo. Mtoto atapita huku na huku, ataona hakuna anayemkasirikia kwa kumpenda mwingine. Anayetoa nguo mpya kwa watoto wa nyumba yake amkumbuke na huyu mgeni. Fedha zisipotosha, ni heri wote wavae za zamani.

Mtoto anayevutwa huku na huku husema kwa mwili wake. Tumbo linauma kila siku ya safari inapokaribia. Kichwa kinauma. Hataki kula. Aliyeacha kukojoa kitandani anaanza tena. Kwanza mpeleke zahanati, usikisie. Tumbo huweza kuwa ni minyoo au kichocho. Mkojo wa kitandani huweza kuletwa na ugonjwa wa njia ya mkojo, au kisukari. Kama mganga haoni ugonjwa, basi angalieni nyumba zenu mbili. Na tafadhali, mtoto asichapwe kwa kukojoa kitandani. Fimbo haiponyi kitu hicho, humzidishia hofu.

Wapo wanaume husema, "Nilitoa ng'ombe, mtoto ni wangu, mama yake hatamwona." Wapo na wanawake humficha mtoto ili baba akomeshwe. Sheria haikubaliani nao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema jambo la kwanza ni manufaa ya mtoto. Mtoto wa chini ya miaka 7 huonekana ni heri akae na mama, mpaka mahakama ioneshwe sababu ya kufanya vingine. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kumtembelea mzazi wake mwingine na kukaa naye, ila masomo yake yasiharibike. Angalieni vizuri: haki hiyo ni ya mtoto mwenyewe.

Lakini si kila watu walioachana waketi pamoja. Kama mwanamke aliachika kwa sababu ya kupigwa, asilazimishwe kula na aliyempiga. Hata bibi asimlazimishe. Hapo mtoto akabidhiwe kupitia mtu mzima wa kuaminika, au kwa afisa ustawi wa jamii, na habari za dawa ziandikwe. Wewe sasa unajua kuandika. Karatasi moja inatosha: jina la mtoto, dawa, saa za kumeza. Na kama mtoto mwenyewe anaonesha kuogopa mtu fulani katika nyumba mojawapo, msikilizeni kabla ya safari. Simu namba 116 ni ya kusaidia watoto, nayo hupigwa bure.

Jambo la mwisho ni siku. Krismasi inajulikana tangu mapema. Idi hungoja mwezi uandame, kwa hiyo wenye kusherehekea Idi wapatane mapema, wasianze kubishana usiku ule ule. Siku ya kurudi nayo itajwe, na nauli ijulikane itatoka kwa nani. Mtoto arudi siku kadhaa kabla shule hazijafunguliwa Januari, apate kupumzika. Dawa zilizobaki na kadi yake virudi pamoja naye, mkononi mwa mtu mzima.