Kidonda Kidogo Kisidharauliwe

Katika kata ya Mtunda, wilayani Kibiti, kama ilivyo katika vijiji vingine vya bonde la Rufiji, msimu wa mpunga huzihamisha familia. Wazazi hukaa katika madungu kulinda mashamba, na watoto wadogo hufuatana nao. Huko mtoto hukanyaga tope peku, huchomwa na miiba, hujikuna upele hadi ngozi ikachubuka. Kwa wengi hayo ni mambo madogo. Lakini hapo ndipo ugonjwa unapoingilia.

Bakteria wakipenya katika mchubuko huenea ndani ya ngozi na tabaka lililo chini yake. Waganga huuita ugonjwa huo selulitisi. Mguu huvimba, huwa wa moto na kuuma. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Kwa hiyo joto, uvimbe na maumivu ndizo dalili za kutegemewa. Ukiwahiwa, mara nyingi dawa ya kunywa yatosha. Ukicheleweshwa, bakteria waweza kuingia katika damu, na maisha ya mtoto yakawa hatarini.

Mtoto mchanga, mwenye homa kali au anayetapika, ama mwenye uvimbe unaoenea upesi au unaozunguka jicho, sharti apelekwe hospitali. Wodini muuguzi huchora mpaka wa uvimbe kwa kalamu, ili kesho ijulikane kama umepungua au umeenea. Mguu huinuliwa. Dawa, mathalani kloksasilini, hupitishwa katika mshipa mpaka hali itengemae, ndipo ifuate ya kunywa. Usaha ukijikusanya hupasuliwa. Hapana muujiza katika kazi hiyo. Pana nidhamu ya saa kwa saa.

Ni jambo la kusikitisha, basi, kwamba bado wapo watoto wanaofikishwa hospitali baada ya siku kadhaa za kukandwa kwa majani na kupewa vidonge viwili vitatu vya dukani. Dozi isiyotimia haiponyi, bali huwazoesha bakteria dawa.

Hata hivyo, lawama isimwangukie mama peke yake. Sera ya Taifa ni kwamba mtoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bure. Sera hiyo haina maana kwa mama aliyevuka mto kwa mtumbwi, mtoto mgongoni, kisha akaambiwa dawa hakuna, akanunue.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma na kutenda. Somo lake halijachakaa: elimu ya afya humfuata mwananchi alipo.

Kwa hiyo mwalimu akague miguu ya wanafunzi asubuhi, na mwenye kidonda aoshwe kwa maji safi na sabuni, kisha apelekwe zahanati akionekana kuvimba. Watumishi wanaohusika na dawa wahakikishe zimefika vijijini kabla ya masika. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliyoikumba Rufiji na Kibiti yalionyesha kwamba maji hayangoji taratibu za ofisini.

Mtoto asipoteze mguu wala maisha kwa sababu ya mwiba. Kuzuia hilo ni wajibu wa kila mtumishi wa umma, na wajibu hupimwa kwa vitendo.