Gari Kuukuu la Mjomba

Mjomba wangu, mkulima wa minazi huko Msambweni, ana gari la pikapu aina ya Peugeot 504, ukoo wa lile lililoshinda Safari Rally mwaka 1975. Mlango wake hufungwa kwa kamba ya makumbi, na asubuhi tulilisukuma ndipo liwake. Hata hivyo lilibeba nazi na korosho hadi feri ya Likoni; na usiku mmoja wa masika, barabara ikiwa tope tupu, lilimfikisha hospitali jirani aliyeshikwa na uchungu. Mtoto akazaliwa salama. Juzi alipokuja mnunuzi wa vyuma vikuukuu, mtoto yule, sasa kijana, ndiye aliyemsihi mjomba asiliuze. Usiache mbachao kwa msala upitao.